Lenzi moja ya safari: kuvuta mbali au kupata upana?

SWALI

Ndugu mshauri,

Miezi miwili ijayo ninasafiri nje ya nchi kwa siku 16. Ratiba yangu ina miji mitatu ya kale yenye vichochoro vyembamba na majengo marefu, makumbusho kadhaa, na siku mbili za mwisho milimani. Kamera yangu ni Canon EOS 700D, na lenzi niliyo nayo ni ile iliyokuja nayo, EF-S 18-55mm IS STM. Akiba niliyotenga inatosha lenzi moja tu, tena ya mtumba. Sitaki mfuko wa kuniumiza bega, wala sipendi kubadilisha lenzi njiani.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Mmoja ananiambia nichukue 18-200mm ili nisikose chochote. Wa pili anasema 50mm f/1.8, maana makumbusho yana giza na lenzi hiyo inapitisha mwanga mwingi. Muuzaji naye ananisukumia 18-135mm, anasema ndiyo lenzi ya safari.

Kabla ya kukuandikia nimepitia picha 300 nilizozihifadhi kutoka safari zangu mbili zilizopita na kusoma taarifa za kila faili. Picha 168 nilizipiga kwenye 18mm, 47 kwenye 55mm, na 85 zilizobaki zimetawanyika katikati. Za ndani ya majengo nyingi zimetikisika. Shata (muda wa kupokea mwanga) zilikuwa kati ya 1/15 na 1/30 ya sekunde na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 1600. Ninunue ipi?

Msafiri wa lenzi moja

JIBU

Ndugu Msafiri,

Kati ya hizo tatu, usinunue hata moja. Sababu umeiandika mwenyewe: picha 168 kati ya 300. Mtu anayezungusha pete ya zumu mpaka ikagota kwenye 18 katika zaidi ya nusu ya picha zake hana shida ya kuvuta mbali. Alitaka kurudi nyuma, ukuta ukamzuia. Na lenzi zote ulizoshauriwa, hakuna iliyo pana kuliko hiyo 18 uliyo nayo tayari. Ungetumia akiba yote halafu ukasimama kwenye kichochoro kilekile, paa la jengo likiwa limekatwa palepale.

Hata hivyo hesabu hiyo ina mtego mmoja, uupime kwanza. Wengine huiacha zumu kwenye 18 kwa mazoea tu, kwa sababu ndiko lenzi inakokaa inapotolewa mfukoni. Fungua tena picha hizo 168 uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zilizobanwa: mnara hauna ncha, mtu wa pembeni hana mkono, chumba kinaonyesha ukuta mmoja. La pili ni zile ulizozikata kando baadaye kwa sababu palikuwa na nafasi ya bure. Hata kama zilizobanwa ni theluthi moja tu, hizo ni picha 56, na bado zinazizidi zile 47 zote za upande wa 55. Fanya hivyohivyo kwa hizo 47: hesabu ngapi ulilazimika kuzikata ili kitu kiwe kikubwa. Nitaendelea kwa kudhani fungu la zilizobanwa ni kubwa, maana ratiba yako ya vichochoro na majengo marefu inaelekea huko.

Sasa tupime upana kwa mita. Sensa ya 700D, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 22.3. Zidisha 22.3 kwa umbali wako kutoka kwenye kitu, ugawanye kwa urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi), utapata upana unaoingia kwenye fremu. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye ukuta, 18mm inaingiza mita 12.4, 15mm inaingiza mita 14.9, na 10mm inaingiza mita 22.3. Hiyo 50mm f/1.8 inaingiza mita 4.5 tu. Kamera ukiisimamisha wima, hesabu hiyohiyo inakuwa ya kimo cha jengo. Kwa hiyo milimita tatu kati ya 18 na 15, ambazo kwenye karatasi zinaonekana si kitu, zinakupa karibu mita mbili na nusu za ziada kutoka pale ulipo. Milimita tatu kati ya 82 na 85 hutaziona kabisa.

Kuna jambo la pili ambalo ushauri mwingi wa lenzi za safari huliruka. Urefu wa fokasi unaweza kuupata baadaye kwa kuikata picha, lakini upana hauongezeki nyumbani. Faili ya 700D ina pikseli 5184 kwa 3456. Ukipiga kwenye 85mm kisha ukaikata hadi ifanane na iliyopigwa kwa 135mm, unabaki na takriban pikseli 3264 kwa 2176, yaani megapikseli 7. Hiyo inachapika vizuri kwenye karatasi ya A4. Ukiikata hadi ifanane na 200mm unabaki na megapikseli 3 na kidogo, zinazotosha skrini ila si ukutani. Mtu wa wanyama wa porini au wa mpira wa miguu hawezi kuishi hivyo. Wewe unakwenda mijini na kwenye makumbusho, unaweza.

Kuhusu 50mm f/1.8: ni lenzi nzuri na nyepesi, gramu 160, na kwa sura za watu ni zawadi. Kama lenzi ya peke yake kwa safari hii ni kosa. Kumpiga mtu mzima, kichwa hadi miguu, kamera ikiwa imelala, kunahitaji umbali wa mita 6. Kichochoro cha mita tatu hakikupi hizo. Na hoja ya giza la makumbusho haina nguvu kama inavyosikika, kwa sababu lenzi hiyo haina kizuia mtikisiko, kile Canon wanachokiandika IS. Bila IS, kanuni ya kushika kamera mkononi ni shata ya moja chini ya urefu wa fokasi mara 1.6 (hiyo 1.6 ni kwa sensa ndogo kama yako), kwa hiyo 50mm inataka 1/80. Lenzi yako ya sasa kwenye 18mm, IS ikiwa imewashwa na mikono imetulia, inashika 1/8 bila shida kubwa. Hapo shata iko wazi mara kumi zaidi, wakati apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ndogo ni tundu kubwa) ya f/1.8 inapitisha mwanga mara 3.8 tu kuliko f/3.5. Kwa sanamu na dari isiyotembea, lenzi ya bei nafuu yenye IS inaishinda f/1.8 kwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Hesabu inageuka mara tu mtu anapoingia kwenye fremu, kwa sababu IS huzuia mtikisiko wa mikono yako na si mwendo wa mtu. Anayetembea anahitaji 1/125 au zaidi. Hapo f/1.8 dhidi ya f/5.6 ni tofauti ya karibu mara kumi: ISO 6400 inashuka hadi karibu 640. Kama barua yako ingesema unakwenda kupiga watu usiku, jibu langu lingekuwa jingine.

Na zile picha zako za ndani zilizotikisika kwa 1/15 hadi 1/30? Angalia zilipigwa kwenye milimita ngapi. Kama ni 18mm na ukuta wenyewe umetikisika, basi ama IS ilikuwa imezimwa pale ubavuni mwa lenzi, ama ulibofya kwa nguvu. Kama ukuta ni mkali na watu ndio wametikisika, shata ilikuwa ya polepole mno. Ungepandisha ISO hadi 3200. Lenzi mpya haitibu lolote kati ya hayo. Picha yenye chembechembe husafishika kwa programu, iliyotikisika haisafishiki.

18-200mm ya Canon nitaipita haraka. Ina gramu 595, inaanzia 18 kama yako, na kadiri unavyovuta ndivyo apecha inavyobana hadi f/5.6. Zumu inayokuza zaidi ya mara 11 hulipa kwa ukali wa picha, hasa pembeni na mwishoni mwa masafa yake. 18-135mm ni bora kuliko hiyo, na kama picha zako 168 zingekuwa upande wa 55, ningekuambia uichukue bila kusita. Ila ujue ziko tatu: ya 2009, ambayo injini yake ya fokasi ni ya zamani na ina kelele, ya 2012 yenye herufi STM, na ya 2016 yenye maneno Nano USM. Muuzaji anayesema "18-135" bila kuongeza herufi, mwombe akugeuzie lenzi usome mwenyewe.

Basi ununue nini? Tafuta EF-S 15-85mm f/3.5-5.6 IS USM ya mtumba. Ilitoka 2009, ina kizuia mtikisiko, injini yake ya fokasi ni ya haraka na tulivu, na inakupa pande zote mbili ulizogota: 15 badala ya 18, 85 badala ya 55. Hutabadilisha lenzi hata mara moja. Kasoro zake ni tatu na zote nakutajia. Ina gramu 575, karibu mara tatu ya 18-55 yako yenye gramu 205. Kwenye 15mm mistari ya pembeni inapinda kwa nje. Programu ya Canon ya Digital Photo Professional inainyoosha ukipiga kwa RAW (faili ghafi). Na ukiielekeza chini ukiwa unatembea, bomba lake huteleza na kurefuka lenyewe, jambo linalozidi kadiri lenzi inavyozeeka. Bangili pana ya mpira ukiivisha nusu juu ya pete ya zumu na nusu juu ya bomba linalobaki mahali pake, inashika.

Ikiwa 15-85 nzima haipatikani ndani ya akiba yako, usishuke kwenye 15-85 iliyochoka. Nunua EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM, uibebe pamoja na 18-55 yako. Najua ulisema hutaki kubadilisha lenzi, lakini tazama mizani: gramu 240 na 205 ni 445, pungufu ya 15-85 peke yake. Kwa ratiba yako mabadiliko yatakuwa machache: 10-18 inakaa kwenye kamera siku nzima mjini na ndani ya majengo, 18-55 inarudi jioni na milimani. Unapobadilisha, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, kaa mbali na upepo. Apecha ya f/4.5 isikutishe, kwa sababu kwenye 10mm na IS ikiwa imewashwa, robo ya sekunde inashikika ukiegemea nguzo.

Kabla hujatoa pesa, jaribu kwanza dawa ya bure. Simamisha kamera wima kwenye 18mm, weka M (mipangilio ya mkono) ili mwanga usibadilike, funga fokasi na mizani ya rangi, kisha piga fremu tatu au nne ukizunguka mahali ulipo, kila moja ikifunika theluthi ya iliyotangulia. Programu ya kuunganisha itakupa picha pana kuliko hata 15mm. Inavurugika panapokuwa na watu wanaopita au kitu kilicho karibu sana nawe, ndiyo maana haitoshi peke yake mjini. Milimani inatosha kabisa.

Sasa ununuzi. Mdomo wa 700D unapokea lenzi zenye alama ya EF (kitone chekundu) na EF-S (mraba mweupe). Zenye RF, RF-S na EF-M haziingii, na hakuna adapta ya kuzileta kwenye kamera hii zikafanya kazi sawasawa. Ukiona tangazo la "Canon 18-150mm", hiyo ni EF-M au RF-S, ipite. Lenzi za Sigma na Tamron hutengenezwa kwa midomo tofauti, hivyo soma kama ni ya Canon EF, jina la lenzi peke yake halitoshi.

Ukiishika mkononi, nenda na kamera yako, tochi na gazeti. Washa tochi ukitazama kupitia vioo, kwanza kwa mbele, kisha kwa nyuma huku apecha ikiwa wazi. Vumbi dogo halina madhara. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Hiyo iache, hata kama ni kidogo, maana inakula rangi ya kinga ya kioo na inaendelea kukua kwenye unyevu. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa mbele, kwa sababu kiko karibu na sensa. Zungusha zumu polepole ukiisikiliza: mchanga unakwaruza, na unausikia kwa vidole kabla ya masikio.

Kisha kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Ndani ya zumu za aina hii kuna utepe mwembamba wa nyaya unaoendesha apecha, nao hukunjwa kila pete inapozungushwa. Ukikatika, lenzi inapiga vizuri apecha ikiwa wazi, halafu ukibana, kamera inasimama na kuandika Err 01. Muuzaji anaweza kukuonyesha picha safi za f/3.5 kutwa nzima bila hitilafu kuonekana. Wewe weka Av (unachagua apecha, kamera inachagua shata), piga f/8 na f/11 kwenye 15, 24, 35, 50 na 85. Picha kumi, dakika mbili. Err 01 ikitokea hata mara moja, futa viunganishi vya dhahabu kwa kitambaa kikavu urudie; ikijirudia, rudisha lenzi. Usikubali kuambiwa ni kamera yako, kwa sababu 18-55 yako inapiga f/11 bila tatizo na unaweza kumthibitishia papo hapo.

Mwisho, bandika kurasa za gazeti ukutani zijaze fremu, kamera isimame sambamba na ukuta, apecha wazi kabisa, kipima muda cha sekunde mbili. Piga kwenye 15, 35 na 85, kisha kuza pembe zote nne kwenye skrini. Pembe zote zikififia kidogo kwa usawa, ni kawaida. Pembe moja au upande mmoja ukififia kuliko mwingine, vioo vimehama, mara nyingi kwa kuangushwa. Rudia mara mbili ili uhakikishe si wewe uliyeipinda kamera.

Fanya ununuzi mapema, angalau wiki tatu kabla ya safari, upige picha 200 mtaani na ndani ya majengo. Lenzi pana ina tabia yake: ukiielekeza juu kidogo, majengo yanaanguka kwa nyuma. Iache kamera sambamba na ukuta, simama wima, kubali ardhi nyingi chini ya fremu, halafu uikate. Usimweke mtu kwenye ukingo wa fremu ya 15mm, uso wake utavutika. Na flashi ya juu ya kamera usiitumie kwenye milimita hizo, bomba la lenzi litatupa kivuli cha nusu duara chini ya picha. Makumbusho mengi yanaikataza flashi vilevile, pamoja na tripodi.

Mipangilio ya kuondoka nayo: ISO ya otomatiki, kikomo 6400. Majengo kwa Av, f/8 nje na apecha wazi ndani. Watu wanaotembea kwa Tv (unachagua shata mwenyewe) 1/125. IS imewashwa muda wote, isipokuwa kamera ikiwa juu ya tripodi.

Pesa ikibaki, nunua kikinga jua cha 15-85, modeli EW-78E, kwa kuwa Canon hawakiweki kwenye boksi la lenzi hii. Kinazuia mwanga wa ubavuni na kinapokea kipigo lenzi ikigonga ukuta. Kichujio cha bei rahisi cha milimita 72 usikinunue, taa za usiku zitajirudia ndani yake kama vivuli vya kijani. Afadhali betri ya pili ya LP-E8, kwa sababu moja inakupa karibu picha 440 tu, na ukipiga kwa kutazama skrini inapungua sana. Betri za akiba zinasafiri kwenye mzigo wa mkononi, si ule unaowekwa chini ya ndege, na vichwa vyao vifunikwe. Namba ya lenzi na ya kamera zipige picha pamoja na risiti. Forodha wakikuuliza ulivinunua wapi wakati wa kurudi, utakuwa na la kuwaonyesha.